Ndama wa Mazizi Yote

Nakumbuka siku ambayo kipande cha reli kiligongwa kijijini kwetu asubuhi, saa ambayo watu walitakiwa kuwa shambani. Mwanangu, wewe umezoea kuitwa kwa simu. Kwetu sisi, reli ile iliyoning'inizwa mbele ya ghala la kijiji ndiyo ilikuwa sauti ya serikali. Ikigongwa jioni, ni mkutano wa kawaida, mtasikia habari za pamba na za shamba la pamoja. Ikigongwa asubuhi, basi kuna moto, kuna simba, au kuna mtu. Siku ile alikuwa mtu.

Nitakufikisha kwenye mkutano huo, lakini niache niende taratibu. Juzi uliniambia kwamba umenunua mtamba mnadani, mpole, mwenye macho mazuri, na unataka kumwingiza zizini pamoja na ng'ombe wako wenye mimba. Kisha ukashusha sauti ukasema kwamba tangu mke wa jirani yako apite pale zizini, ng'ombe mmoja ametupa mimba, na watu wameanza kumwangalia vibaya. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi. Nimeona nikueleze habari za Mama Naishie kabla hujafungua mlango wa zizi, na kabla hujafungua mdomo.

Tulikuwa tumehamia kijijini muda si mrefu, wakati ule wa vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa peke yake, sisi karibu na mto Mkondoa, wengine ndani kabisa huko porini, na wafugaji walihamahama na mifugo yao. Tukaambiwa tukae pamoja kando ya njia ya kwenda Mikumi, tupate shule, zahanati na maji. Tukajenga. Watu wakapangwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Na ng'ombe nao wakajikuta majirani, wa huku na wa kule, wanakunywa maji kwenye birika moja na kulamba chumvi mahali pamoja.

Mvua za kwanza tu, ng'ombe wakaanza kuhara. Walihara maji, midomo ikawa na vidonda, macho yakatoa machozi, wengine wakaanguka. Wazee wakasema ni mbung'o, kwa kuwa upande wa Mikumi kwenye hifadhi mbung'o walikuwa wengi na hakuna mfugaji aliyethubutu kupeleka ng'ombe kule. Bwana mifugo alikuja kwa baiskeli kutoka Kilosa, akatazama, akachoma sindano alizokuwa nazo. Baada ya wiki kadhaa ugonjwa ukapita. Tukashukuru Mungu, tukasahau. Laiti na wenyewe ungetusahau.

Mama Naishie alikuwa mjane wa kifugaji, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye binti mmoja aliyekwisha olewa mbali. Ng'ombe wake mmoja aliugua kuhara kule akiwa na mimba changa, akapona. Miezi ilipotimia akazaa ndama dume, na yeye akafa palepale kwenye uzazi. Yule ndama tukamwita Yatima. Alikuwa mdogo kuliko ndama wote, manyoya yamesimama, tumbo limejaa upepo. Alikula, alinyonya, lakini hakukua. Ila alikuwa na upole ambao sijauona tena kwa mnyama. Ukimwita alikuja, akaweka kichwa mapajani mwako kama paka.

Sasa wewe unafuga hawa wa kisasa ambao wanakamuliwa hata pasipo ndama. Ng'ombe wetu wa kienyeji hawakuwa hivyo. Ndama asipoanza kunyonya, mama hashushi maziwa. Ndama akifa, maziwa yanakatika, na nyumba yenye mtoto mchanga inabaki inatazamana. Hapo ndipo Mama Naishie alipokuwa mkombozi. Alimleta Yatima kwenye zizi la mfiwa, akampaka mgongoni mkojo wa yule ng'ombe ili anuke nyumbani, akamsogeza kwenye chuchu, kisha akaanza kuimba kwa lugha ya kwao, wimbo wa chini chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ng'ombe aligeuza shingo, akanusa, akasitasita. Mwishowe akamlamba. Na maziwa yakashuka.

Nilimwuliza siku moja maana ya wimbo ule. Mimi nilikuwa msichana wa haya nyingi, nimemaliza darasa la saba, nikiamkiwa tu na mgeni nainamisha kichwa. Lakini kwa Mama Naishie niliweza kuuliza.

"Namwambia ng'ombe, huyu ni wako," akasema. "Ni uongo mdogo. Mungu atanisamehe, kuna watoto wanakunywa."

Basi Yatima akawa ndama wa mazizi yote. Alikaa wiki kwa huyu, wiki mbili kwa yule. Watu walimpa Mama Naishie maziwa, unga, wakati mwingine kanga. Walimwita shangazi. Bwana Salehe, jirani yetu mwenye ng'ombe wengi na mdomo mkubwa kuliko ng'ombe wake, alikuwa akimtania: "Shangazi, nikifiwa mimi uje uniimbie, labda nitashusha hela!" Na mama yule alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Halafu mimba zikaanza kutoka.

Kwanza ng'ombe mmoja, hakuna aliyejali. Kisha mwingine. Mara unaamka unakuta zizini kitu kidogo kisicho na manyoya, kimelala kwenye tope, na mama yake amesimama mbali kama hakijui. Ndama waliofika siku zao ndio waliotutia hofu zaidi. Kwa Bwana Salehe alizaliwa ndama mnene, mzuri, lakini hakuweza kusimama. Kichwa kilikuwa kikitetemeka, macho meupe, miguu imeachana. Alitetemeka usiku na mchana, kama anaona kitu ambacho sisi hatukioni. Watu walikuja kumtazama, wakatoka upesi.

Mwanangu, hofu ya namna hiyo haikai zizini. Inaingia ndani ya nyumba. Wanawake wenye mimba walikatazwa kupita karibu na mifugo. Jua likizama, milango ilikuwa imefungwa. Watu wakaacha kuazimana vitu, hata ungo, hata kijinga cha moto. Na katika kuogopa kule, kila mtu alikuwa anahesabu kimoyomoyo, nani alipita wapi. Hesabu zote zikawa zinaishia pale pale. Kila zizi alilopita Mama Naishie, baadaye kulitokea msiba.

Wakaacha kumwita shangazi. Alipoamkia dukani, waliitikia wakitazama sukari. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alituita mimi na mama akasema, "Mama Naishie asikanyage zizi langu. Sisemi zaidi."

Tulikuwa na ng'ombe wawili tu. Tunu alikuwa na mimba changa. Mwenzake, Shauri, alikuwa na ndama aliyechukuliwa na fisi, na tangu siku ile maziwa yalikatika. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mchanga, na mama alikuwa ametoka kuugua, kifua kimekauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa nyembamba kama ya paka. Mama alivumilia, kisha akaniita nyuma ya jiko.

"Baba yako amesema Mama Naishie asikanyage. Ndama hakumtaja," akaniambia. "Nenda ukamwombe Yatima. Pita shambani, usipite barabarani. Mwambie yeye asije, asiingie matatani. Utaimba wewe."

Nikaenda kupitia kwenye mahindi. Mama Naishie alinikuta nimesimama mlangoni kwake, sijui nianzie wapi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

Nilipomweleza hakuuliza kwa nini yeye mwenyewe asije. Alijua. Alifungua kamba ya Yatima, akanifundisha ule wimbo palepale, akanirudisha kila nilipokosea, akaniweka kamba mkononi.

Yatima alikaa kwetu siku chache. Baba alikuwa Kilosa kwenye kazi za chama cha ushirika. Shauri alimkubali, maziwa yakashuka, mdogo wangu akanywa, akalala usingizi. Nikamrudisha Yatima kwa njia ileile ya mahindi. Mama Naishie hakuwahi kufika kwetu, hata kivuli chake. Baada ya hapo Tunu akahara siku mbili tatu, akaacha kula, akapona. Nikadhani ni majani mabichi. Wiki chache baadaye, asubuhi, nikamkuta ametupa mimba.

Nilisimama pale zizini nikiwa na kibuyu mkononi. Yule mama hakuwa amekuja. Nani basi alikuja? Jibu nililipata papo hapo, na nilitamani nisingelipata. Nilimkumbuka Yatima akilamba midomo ya Tunu. Nilimkumbuka akilala kwenye nyasi zile ambazo Tunu alikula.

Jirani mmoja aliyekuwa akipita alichungulia zizini, akaondoka mbio. Siku hiyohiyo, kabla hata sijamwambia mama, reli ikagongwa.

Kijiji kizima kilikusanyika mbele ya ghala. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti, wazee kwenye benchi, sisi wengine chini, wanawake upande wetu. Mama Naishie alikuwa amesimama peke yake mbele, mikono ameifunga kwenye shuka lake. Hakuna aliyekaa karibu naye.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti akaanza, lakini hawakumwacha amalize. Bwana Salehe alikuwa amekwisha simama.

"Ndugu mwenyekiti, tusizunguke. Kwangu aliingia, ndama wangu anatetemeka kama mlevi wa gongo. Kwa Mzee Athumani aliingia, mimba imetoka. Leo nasikia na kwa hawa pia. Huyu mama ana jambo lake. Mimi sitaki kumdhuru mtu. Aondoke tu. Achukue ng'ombe wake, avuke aende upande wa Mikumi huko, leo, kabla ya jua kuzama."

Watu wakaitikia. Upande wa Mikumi! Kila mtu pale alijua kuna nini huko: mbung'o, na simba wa hifadhi. Mjane peke yake na ng'ombe wachache, usiku. Kusema hawakutaka kumdhuru kulikuwa kujidanganya.

"Una la kusema, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi nilikuja mliponiita," akasema Mama Naishie.

Nikisema, baba atajua mama alimzunguka. Nikisema, mimi ndiye niliyemleta ndama zizini, na hasira yote itageuka iniangalie mimi. Sikuwahi kusema neno mbele ya watu hata shuleni. Nilimtazama mama, naye alikuwa amemkumbatia mdogo wangu, uso umemwiva. Alinitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa, taratibu.

Nikasimama. Miguu ilitetemeka, na wazo la kipuuzi likanijia kwamba sasa mimi ndiye yule ndama wa Bwana Salehe.

"Kwetu hakufika," nikasema.

"Sema kwa sauti, binti!"

"Mama Naishie kwetu hakufika. Aliyefika ni Yatima. Nilimleta mimi, yeye alibaki kwake. Na Tunu ametupa mimba leo."

Bwana Salehe akanielekezea kidole.

"Mnasikia? Ndama alinyonya bila wimbo? Nani aliimba?"

"Mimi," nikasema.

"Mnaona! Amekwisha mfundisha na mtoto!"

Watu wakaanza kunong'ona, na mwanamke aliyekaa karibu yangu akavuta kanga yake isiniguse. Mwendo mdogo tu wa mkono, mwanangu, na kitambaa kidogo tu. Hapo ndipo nilipojua Mama Naishie alikuwa akiishi vipi miezi yote ile.

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyesimama. Alikuwa kikongwe, anatembelea fimbo, na kijiji kizima kilimwogopa kwa ulimi wake. Hakumwangalia Mama Naishie, aliwaangalia wao.

"Salehe, kaa chini, unaniziba jua." Akangoja mpaka akakaa. "Zizini kwako waliingia wawili. Mmoja alikuwa anaimba, mwingine ananyonya. Ng'ombe wako walimlamba yupi?"

Bwana Salehe akamgeukia mwenyekiti.

"Nakuuliza, walimlamba yupi? Walikula majani yaliyolaliwa na yupi? Kule kuhara kwa mwanzo, mama yake huyo ndama aliugua au hakuugua? Mlikuwepo wote. Mnajua kila mwanamke alipita wapi, lakini ndama hamkumhesabu, kwa sababu mlimpenda na alikuwa na faida. Uchawi wenu ni wa ajabu, unaangalia tu mtu asiye na ndugu."

"Mama, kwa hiyo ni ndama?" mwenyekiti akauliza.

"Mimi si daktari wa ng'ombe. Najua tu kwamba kwa mwanangu, mama huyu hakufika, na balaa lilifika. Mfungeni ndama peke yake, mwiteni bwana mifugo, kisha mngoje. Mtu mkishamfukuza kwenda kwa simba hamtamrudisha."

Baba akasimama. Nilifumba macho. Nikasikia akisema, "Binti yangu amesema kweli. Nyumbani kwangu nilikataza mtu, nikasahau kukataza mnyama." Akakaa. Jambo lile halikusemwa tena nyumbani kwetu, wala mama hakuulizwa.

Mwenyekiti akaamua Mama Naishie abaki, ndama atengwe. Lakini sidhani kama kuna mtu aliyelala vizuri. Bwana mifugo alipokuja alimkagua Yatima muda mrefu, akasikiliza habari yote, akatikisa kichwa. Akasema hana kipimo cha kulithibitisha, ila kwa aliyoyasikia, ndama yule asikaribie tena ng'ombe mwenye mimba, na ni afadhali achinjwe. Mama Naishie akaomba tungoje kidogo. Haikuchukua muda mrefu. Yatima aliugua mwenyewe, kuhara kwa damu, vidonda mdomoni, vilevile kama ugonjwa wa mwanzo. Ilikuwa kama kitu alichokuwa amekibeba muda wote kimechoka kungoja.

Siku ya kumchinja Yatima, Mama Naishie mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa. Alimwimbia wimbo uleule aliowaimbia ng'ombe. Huyu ni wako. Akazikwa kwenye shimo refu, hakuliwa, na nyasi alizolalia zikachomwa moto.

Baada ya hapo tulingoja. Miezi ya kungoja ilikuwa na hofu kuliko yote, kwa maana ilikuwa haijulikani kama tumekata mzizi au tumeua ndama bure. Kila ng'ombe aliyepata mimba alikuwa anatazamwa kama mgonjwa. Na kila aliyemtazama ng'ombe, baadaye alitupa jicho kwenye nyumba ya Mama Naishie. Mimi nilikwenda kwake kila siku, nimsaidie maji, na wala sikupita tena kwenye mahindi. Nilipita barabarani.

Siku moja, tukiwa tunapepeta mahindi uani kwake, Bwana Salehe akatokea. Alikuwa anatweta, ana damu ya uzazi mpaka kwenye viwiko. Mama Naishie akaweka ungo chini polepole. Alidhani wamekuja kumtoa.

"Amesimama," Bwana Salehe akasema.

"Nani?"

"Ndama. Amezaliwa sasa hivi. Amesimama mwenyewe, ananyonya." Alitafuta maneno mengine, yeye asiyewahi kukosa, akayakosa. Akavua kofia. "Nimeona uwe wa kwanza kujua. Shangazi."

Mama Naishie akajifunika uso kwa shuka lake, na hatukujua kama analia au anacheka.

Miaka mingi baadaye, daktari mmoja wa mifugo alinieleza jina la jambo lile. Alisema kuna virusi vya kuhara vinavyoweza kumwingia ndama akiwa bado tumboni, mimba ikiwa changa. Mwili wake unavizoea, unaviona ni vyake, hauvipigi vita. Ndama wa namna hiyo huzaliwa navyo na kuvisambaza maisha yake yote, kwa mate, kwa kinyesi, kwa pumzi. Wengine wanadumaa kama Yatima. Wengine, nisikilize vizuri hapa, wananenepa na kupendeza kama huyo mtamba wako.

Basi, mwanangu, fanya hivi. Mtamba wako mfunge mbali, na birika lake na majani yake, mpaka daktari amtoe damu akaipime. Wale wenye mimba wasinusane naye hata kwenye ua. Akionekana anavyo virusi hivyo, usimuuzie mtu mwingine ukasema umejiokoa. Muage, umchinje, umalize. Najua umempenda. Sisi pia tulimpenda wetu.

Na yule mke wa jirani, leo hii mpelekee maziwa. Mpelekee mchana, watu wakiona. Ukiogopa, na utaogopa, maana hata mimi niliogopa, kabla hujaangalia uso wa mtu angalia zizi lako: nani ameingia, nani amelamba nani, nani hakuhesabiwa kwa kuwa anapendwa. Na siku ukiwa unajua jambo linaloweza kumwokoa mtu, simama ulisemee, hata kama miguu inatetemeka. Mdogo wako wa kike ana haya kama zangu. Msomee na yeye barua hii.

Mungu akuzalishie mifugo inayosimama kwa miguu yake. Akulindie nyumba yako na hofu inayotafuta mtu. Na mlango wako, mwanangu, mjane aupite mchana, aamkie, na aitikiwe akitazamwa usoni. Amina.